Namna ya Kuitambua Lulu ya Kale Bila ya Kubomoa Nyumba ya Mtu

Kwanza, weka nyundo chini. Ukipita vichochoro vya Mji Mkongwe, utaona kuta zilizobanduka chokaa, mawe ya matumbawe yakabaki wazi, na ndani yake makombe na konokono waliogeuka jiwe. Tazama hadi uchoke, lakini usichokoe. Kuta hizi zimekwisha kunywa mvua za kutosha. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na ikaua watu. Hakuna lulu yenye thamani ya paa la jirani.

Pa kutafutia ni uwanda, kule kusini na mashariki ya Unguja, kuanzia Kizimkazi hadi Jambiani, ambako mwamba wa kale wa matumbawe umetokeza hadi ufukweni. Miaka 125,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na mengi tunayoyakanyaga sasa katika mwambao wetu yaliota chini ya maji. Nenda maji yakitoka, jua likiwa bado chini, kwani mwanga wa ubavuni huonesha mistari ya kombe ambayo jua la adhuhuri huificha. Vaa viatu vigumu.

Sasa, sahau kung'aa. Hapa ndipo watafutaji wengi wanapopotea. Lulu unayoijua dukani ni tabaka juu ya tabaka za madini yaitwayo aragonaiti, zimeshikwa na utando mwembamba wa protini. Chaza lulu hupaka madini hayo hayo upande wa ndani wa kombe lake. Lakini mwamba wa Unguja una vitundu tele, mvua hupenya humo kama maji kwenye kifumbu, na aragonaiti ndiyo inayoyeyuka mwanzo au kugeuka kalsaiti. Mng'aro huondoka nayo.

Chaza wa mwambani, yule anayeng'ang'ania mawe na mikoko, ana kombe ambalo sehemu kubwa ni kalsaiti. Huyo hudumu. Ndiyo maana ukikuta kombe nene la chaza katika mwamba, aghalabu ni lake, na lulu yake hata alipokuwa hai ilikuwa nyeupe iliyofifia, haina mvuto wowote. Kwa hiyo chaza mwenye lulu nzuri hakubaki, na aliyebaki hakuwa na lulu nzuri. Unachokitafuta ni kijidonge kikavu, cha rangi ya chokaa, ambacho sonara hatakitupia jicho mara mbili. Mimi nakiona kitukufu: ni kidonda cha mnyama mmoja, kilichopona na kubaki hadi leo.

Ukikiona, usikibandue. Lulu iliyo ndani ya kombe ina shahidi. Iliyo mkononi mwako haina. Chukua lenzi ya kukuza mara kumi. Uvimbe ulioungana na upande wa ndani wa kombe, tabaka zake zikiendelea na za kombe bila ya mpaka, ni dalili nzuri sana. Palipovunjika tafuta duara ndani ya duara. Ukiona tundu lililotobolewa, hiyo ni shanga, na ikiwa upo karibu na Unguja Ukuu, mji uliokuwapo tangu karne ya 7 au kabla, basi umekuta jambo jingine kubwa. Usidanganyike na vinavyofanana na lulu: kifuniko cha konokono wa bahari ni bapa na kina mstari wa mzunguko. Mwani mwekundu nao hujiviringa ukawa jiwe la mviringo. Na mapangoni matone ya maji huweza kutengeneza vidonge vyenye tabaka kama za lulu, lakini vidonge hivyo havina kombe.

Usikamulie ndimu. Lulu, kombe, tumbawe na chokaa vyote vitatoa povu, hutajua lolote, na utakuwa umeliunguza ulilolikuta. Wala usiume kwa meno.

Piga picha, weka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, andika mahali na kimo kutoka usawa wa maji, kisha wapelekee habari watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale au Taasisi ya Sayansi za Bahari. Lulu ya kisiwa cha Marawah, Abu Dhabi, iliyotangazwa mwaka 2019, inajulikana kuwa na umri wa miaka 8,000 hivi kwa sababu wachimbaji walijua imetoka katika tabaka gani la udongo. Ingeng'olewa na kutiwa mfukoni, isingekuwa na umri.

Na kama shida yako hasa ni lulu ya kuvaa, nenda Fumba au Bweleo. Akina mama wa huko hufuga chaza, humbandikia kokwa ndani ya kombe, na baada ya miezi tisa hadi mwaka huvuna nusu lulu inayong'aa. Nunua kwao, na mwamba uuache ulivyo.