Waraka kwa Waandaaji wa Mafunzo ya Vijana Watetezi wa Haki

Ndugu Waandaaji,

Kwa mlionizidi umri, shikamooni. Kwa wadogo zangu mnaopokea maombi na kuyajibu yote kwa sentensi ileile moja, poleni na kazi. Mimi ni mwenye steshenari hapa Kibamba, kando ya Barabara ya Morogoro. Jina la asasi yenu nalihifadhi kwa makusudi, maana waraka huu unaweza kuwafaa na wenzenu kadhaa.

Kila ikikaribia Julai mnatangaza mafunzo ya wiki sita ya utetezi wa haki za kiraia kwa vijana wa miaka 18 hadi 25. Vijana wa huku huja dukani kuprinti fomu, kuskani vyeti, na kuniuliza mimi maswali ambayo ninyi ndio mngeulizwa. Kibiashara sina lalamiko lolote. Fomu yenu ina kurasa nyingi, Mungu awazidishie.

Mmeandika kwamba mnawatafuta hasa vijana wa pembezoni, nasi tumefurahi kusikia kwamba tumo. Mmeliandika hilo kwa Kiingereza. Mnataka insha ya Kiingereza, kisha video ya dakika mbili ambamo kijana anaeleza kwa Kiingereza dhuluma aliyofanyiwa kwa Kiswahili. Pengine habari hazijafika huko kwenu Masaki, lakini Februari 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Mwanzoni mwa mwezi huohuo Jaji Zephrine Galeba, aliyekuwa ameandika hukumu kwa Kiswahili katika Mahakama Kuu kule Musoma, alipandishwa kwenda Mahakama ya Rufani. Mahakama, chombo ambacho hatujazoea kukiona kikikimbia, imewaacha nyuma.

Nisikae sana kwenye lugha, maana kuna kile kipengele cha uzoefu. Mnataka kijana aeleze kazi ya utetezi aliyowahi kufanya na aambatanishe cheti. Dereva mmoja wa bodaboda alikitumbulia macho kipengele hicho hadi mteja wake akaondoka. Kila asubuhi kijana huyu hubishana na makonda wanaowakataa wanafunzi kituoni. Hadithi mnaijua, walau kwa kuisoma ripotini: nauli ya denti ni shilingi 200, konda anapiga hesabu ya hasara, anatangaza "wawili tu," na wengine wanabaki barabarani na madaftari yao wakati kengele ya kwanza inalia shuleni. Yeye huisoma namba ya gari kwa sauti, kisha humuuliza konda, kwa upole kabisa, kama angependa wasimamizi wa usafiri, LATRA, nao waijue. Mara nyingi nafasi hupatikana. Sasa, ndugu zangu, cheti cha kazi hiyo kinatolewa na ofisi gani? Aliniomba nimchapie kimoja. Nilimkatalia, ingawa mashine ya laminesheni ninayo. Akakiacha wazi kipengele, na ninyi mkamwacha yeye.

Yupo na binti aliyekuwa shule ya msingi mwaka 2017, nyumba nyingi kutoka Kimara mpaka Kiluvya zilipobomolewa kupisha upanuzi wa barabara hii ninayotazamana nayo. Kwenu aliandika juu ya alama ya X iliyopigwa ukutani kwao, bahasha ya nyaraka za baba yake, na majirani waliokuwa wakihangaika mahakamani. Hakulialia. Aliieleza hata hoja ya serikali kwamba eneo lile lilikuwa hifadhi ya barabara, akakiri kwamba leo naye anapita kwenye njia nane na anafika mjini mapema. Mimi niliyeiskani insha ile nilisimamisha kazi nikaisoma yote. Jibu lenu lilisema haikuonesha mtazamo wa kimataifa. Nasikitika sikumshauri ataje kwamba tingatinga lenyewe lilitengenezwa ng'ambo. Labda angepita.

Hapa utani niuweke kando kidogo. Najua mnawafundisha vijana kesi ya Rebeca Gyumi, na mnafanya vyema. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, vinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019. Gyumi hakwenda pale kama binti aliyeozwa. Alikwenda kama raia, kwa sababu ibara ya 26 ya Katiba inamruhusu raia kuilinda Katiba yake. Mwaka uliofuata, 2020, Bunge likarekebisha sheria inayosimamia mashauri ya haki za msingi, ili anayefungua shauri aape kiapo kuonesha jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Onesmo Olengurumwa wa Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu akaenda mahakamani kuyapinga marekebisho hayo, na ubishi huo tuwaachie mawakili.

Mimi nimebaki na jambo moja tu. Mlango wa kuwasemea wengine unaweza kubanwa kwa muswada mmoja, na siku ukibanwa, mwenye sifa ya kusimama mbele ya jaji ni yule aliyeumizwa. Ndiye huyu wa alama ya X. Ndiye mwanafunzi aliyeachwa kituoni. Wiki sita za kujifunza kuapa kiapo, kutunza ushahidi na kusoma Katiba zingemfaa yeye kuliko yule kijana mwenye vyeti vya warsha vinavyojaza faili, ambaye mmemchukua mara kwa mara hadi anawajua wapishi wa hoteli kwa majina.

Na hiyo hoteli nayo. Usaili ni saa mbili asubuhi, Masaki, na nauli mnarudisha kwa risiti. Konda wa Kibamba akitoa risiti, mpeni yeye nafasi ya mafunzo bila usaili. Tena mmechagua miezi ambayo waliomaliza kidato cha sita Mei wako kwenye makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, kisha ripoti yenu inashangaa kwa nini waombaji wa umri huo ni wachache.

Sisemi jambo hili haliwezekani. Wanaharakati wa jinsia wa TGNP pale Mabibo wameendesha semina zao za Jumatano kwa miaka mingi, anayetaka anaingia, anakaa, anasema kwa Kiswahili, na mwenye hoja anasikilizwa hata kama amekuja na kandambili. Nanyi fanyeni usaili mmoja tu huku, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Mahali pa cheti, pokeeni neno la mwalimu au la mama lishe wa kituoni, ambaye ameona mengi kuliko wadhamini wenu.

Mkimtuma mtu kuja kuangalia, ashuke Kibamba Shule aulizie steshenari, ila aje asubuhi mapema, kabla ya saa moja, wakati makonda wanahesabu madenti. Asisahau nauli yake. Risiti nitamwandikia mimi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwenye steshenari, Kibamba