Barua ya Wazi kwa Anayekadiria Muda Uliobaki

Tabata,
Dar es Salaam.

Kwa Mkuu wa kitengo kinachokadiria muda uliobaki,
Kampuni iliyotengeneza programu ya bakapu iliyomo kwenye kompyuta yangu,
Ng'ambo.

YAH: OMBI LA KUJUZWA DAKIKA MOJA YENU INA DAKIKA NGAPI

Mheshimiwa,

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Awali ya yote nawapongeza kwa kazi nzito ya kutulindia mali zetu. Programu yenu ilikuja ndani ya kompyuta, haikuniomba hata shilingi, ikajitambulisha kuwa inajiendesha yenyewe: nichomeke diski ya nje, na kila baada ya saa moja itanakili kilichobadilika huku mimi nikiendelea na shughuli zangu. Hilo la shughuli zangu mmelitimiza. Nimefua, nimepika pilau, nimekwenda msibani Morogoro na kurudi, na utepe wenu wa bluu nimeukuta pale pale, ukisema imesalia dakika 1.

Makadirio yenu nayafuatilia kwa heshima zote. Asubuhi mnasema zimesalia saa 3. Kabla ya adhuhuri mnasema siku 2. Mchana, bila maelezo wala samahani, dakika 40. Jioni mnaandika kwamba bado mnakokotoa. Nimeelewa hesabu yenu inavyokwenda: mnaangalia kasi ya dakika chache zilizopita, mnagawanya kazi iliyobaki kwa kasi hiyo, mnatangaza. Ikiwa wakati huo inapita video ya harusi, faili moja la gigabaiti 4, kasi inapendeza na mnatuahidi neema. Ikifika zamu ya folda ya WhatsApp, neema inakwisha.

Folda hiyo ilihamishwa kutoka kwenye simu ya mama watoto. Ndani yake kuna maelfu ya picha za kikombe cha chai kinachofuka mvuke, ua waridi pembeni, na maandishi ya dhahabu yanayomtakia Jumatatu yenye baraka. Picha moja haifiki kilobaiti 200. Lakini kila picha ni faili, na kila faili lazima lifunguliwe, lisomwe, liandikiwe jina, tarehe na nani ana ruhusa ya kuligusa, kisha lifungwe, na kichwa cha diski kihamie kwingine kutafuta la pili. Gigabaiti 4 za harusi hupita kabla chai ya kweli haijachemka. Gigabaiti 4 za Jumatatu yenye baraka hukesha. Hapo siwalaumu, diski zinazozunguka ndivyo zilivyo. Ninacholalamikia ni kwamba skrini yenu haisemi, "Ndugu, tumefika kwenye salamu za kundi la ukoo, vuta subira." Inasema dakika 1.

Tulipokwama zaidi nilimwita fundi kutoka Kariakoo. Hakukaa hata kitini. "Bosi, hapa ni kupiga windo upya tu." Kila ugonjwa kwake una dawa hiyo, nami simshangai, maana ukurasa wenu wa msaada nao una dawa moja: zima, kisha washa. Aliyegundua tatizo ni mpwa wangu wa kidato cha pili, aliyekuja kuazima chaja. Aliinama nyuma ya meza, akaishika diski, akasema, "Mjomba, huu si waya wa diski. Huu ni wa simu."

Alisema kweli. Diski yetu ina lile tundu pana lenye sehemu mbili. Waya wa simu za zamani unaingia sawasawa katika sehemu moja, taa inawaka, mafaili yanaonekana, na hakuna wa kukushtua. Ila umeingilia mlango wa USB 2.0, kiwango cha mwaka 2000, chenye ukomo wa megabiti 480 kwa sekunde, ambazo kazini hazizidi sana megabaiti 35 au 40. Waya halali wa diski hiyo ni wa USB 3.0, kiwango cha 2008, chenye ukomo wa gigabiti 5. Tuliukuta jikoni, umefungia mfuko wa mchele.

Sasa, Mheshimiwa, kinachoniuma ni hiki. Kompyuta yenu ilijua. Diski ikichomekwa, pande mbili hupatana kwanza zitakwenda kwa kasi gani, na mapatano hayo yameandikwa kwenye ukurasa wa taarifa za mfumo, ndani ya menyu iliyo ndani ya menyu nyingine. Ilijua tangu siku ya kwanza kwamba diski yenye uwezo wa 2008 inahudumiwa kwa kiwango cha 2000, ikanyamaza. Kompyuta hiyo hiyo imewahi kunikatiza katikati ya kazi kunijulisha kuwa vikaragosi vya kutuma kwenye ujumbe vimeongezwa.

Tuje kwenye umeme. Umeme wa kwetu huenda mnausikia tu. LUKU huisha usiku wa manane, au mtaa mzima unazimika bila salamu, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS huzimika nao. (Mtaniambia ninunue UPS. Nitanunua, mkinilipa muda wangu.) Programu yenu hutegemea daftari ambamo mfumo huandika kila folda iliyoguswa, ili saa ikifika isipekue diski nzima. Mpango mzuri sana, aliyeubuni ana akili. Tatizo ni kwamba kompyuta ikizimika ghafla, daftari hilo haliaminiki tena, na programu inalazimika kupekua kila kitu upya, faili kwa faili, ikilinganisha cha huku na cha kule. Kazi hiyo huchukua saa nyingi. Na muda wote huo kwenye skrini kuna neno moja: "Inaandaa."

Inaandaa nini? Shangazi yangu, aliyekuja kwa matibabu na analala sebuleni, aliniuliza alfajiri moja, "Mwanangu, hiki kitaa kinamkonyeza nani usiku kucha?" Sikuwa na jibu, kwa sababu nanyi hamkunipa. Mtu asiye na subira anaona mashine imekufa, anachomoa waya. Kuchomoa huko ndiko kunakoharibu zaidi, maana safari ijayo upekuzi unaanza tena, na pengine diski yenyewe nayo inabidi ikaguliwe isije ikawa imeumia. Mngeandika tu: "Umeme ulikatika, nakagua upya mafaili yote, usinichomoe." Maneno saba. Kwa wafanyakazi mlio nao, mnaweza kugawana neno moja moja.

Nisiwatwishe mzigo wote peke yenu. Antivairasi husoma kila faili linapoondoka, ikalisoma tena linapofika, kama hukuiambia iiache diski ya bakapu. Sanduku la barua pepe lililo faili moja kubwa huhesabiwa limebadilika lote kwa sababu limeingia tangazo moja la mkopo, na programu isiyojua kunakili kipande hulibeba lote tena saa inayofuata. Na wauza diski nao wana yao. Ziko diski ambazo njia zake za data zimelaliana kama makuti ya paa, kila safu imefunika sehemu ya mwenzake, ili data nyingi ienee mahali padogo. Kuezeka mara ya kwanza si taabu. Kubadilisha kuti la katikati ndiyo kazi, kwani lazima uyainue yaliyo juu yake na kuyapanga upya. Diski huficha aibu hiyo kwa eneo dogo la akiba linalopokea upesi. Likijaa, kasi inaporomoka. Bakapu ya kila saa, yenye kuandika, kufuta ya zamani na kuandika tena, hulijaza eneo hilo vizuri sana. Aprili 2020, baada ya wanunuzi kupiga kelele, ndipo Western Digital ilipotoa orodha ya diski zake zilizoundwa hivyo, zikiwamo baadhi ya zile za Red zilizokuwa zikiuzwa kwa ajili ya hifadhi za mtandao majumbani. Kabla ya hapo mnunuzi alisoma sanduku. Sanduku la diski yangu mimi, ambayo sina haja ya kuitaja, lina picha ya mlima na neno la kuhimiza.

Kisha kuna hili la adabu. Programu za bakapu hupewa kipaumbele cha chini kwa makusudi, ili zisimsumbue mwenye kompyuta anapofanya kazi. Adabu hiyo naishukuru saa nne asubuhi ninapoandika. Lakini saa tisa usiku, watu wamelala, hakuna aliyegusa kibodi tangu taarifa ya habari, bado inanyata. Inampisha nani? Nimejifunza kuwa ipo amri ya kuandika kwenye lile dirisha jeusi inayoondoa kizuizi hicho mpaka kompyuta itakapozimwa tena. Kumbe uwezo wa kwenda haraka upo, umewekwa mahali ambapo shangazi hafiki. Nami sitaki afike. Nilitarajia tu kitufe kimoja chenye maneno "nyumba imelala, endesha."

Watu wenu wa mauzo wana jibu jepesi: nunua nafasi kwenye wingu. Nakubali kwamba nakala moja inapaswa kukaa mbali na nyumba. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ya 3-2-1, yaani nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja nje ya nyumba, na moto au mwizi hawezi kuipinga. Basi tupige hesabu. Nina gigabaiti 200. Kasi ya kupakia kwangu, si ile ya kupakua iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango, ni megabiti 2 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya siku 9, usiku na mchana, LUKU isiishe, bando lisiishe, na nyaya za baharini zisikatike, kama EASSy na SEACOM zilivyokatika Mei 2024 tukakaa tukitazamana. Kwenye fomu yenu ya kujiunga pameandikwa "anza kwa dakika chache." Kuanza, ndiyo.

Shemeji yangu hana uvumilivu wangu. Aliizima bakapu kwa maelezo kwamba "inakula mashine." Diski ya ndani ilipokufa, ilikufa na tasnifu yake ya uzamili ikiwa sura ya nne. Hakuna takwimu zenu zitakazomwonyesha. Kwenu yeye ni mtumiaji aliyebadilisha mpangilio.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, siombi kasi. Nimekulia kwenye foleni za Ubungo, najua kusubiri. Ninaomba skrini itaje faili inalolishughulikia sasa hivi, itaje kinachoichelewesha kila inapokijua, na kama haijui zimebaki dakika ngapi isitaje dakika. Kila tarehe 31 Machi mnatutumia barua pepe yenye maputo kuadhimisha Siku ya Bakapu Duniani, iliyoanza 2011 ikawekwa siku moja kabla ya Siku ya Wajinga. Mwakani acheni maputo, tumeni sasisho.

Naomba kuwasilisha.

Mteja wenu,
mwenye meza, diski na waya sahihi.

Nakala:
Mpwa, kidato cha pili (kwa pongezi)
Fundi, Kariakoo (kwa utekelezaji, bila kupiga windo)
Mjumbe wa nyumba kumi (kwa taarifa, iwapo ataulizwa kuhusu taa inayokonyeza)