Ndugu Muuzaji wa Diski, Tuonyeshe Saa Zake

Ndugu muuzaji,

Nakuandikia wewe unayeuza diski kubwa zilizotumika, za terabaiti 12, 16 hata 20, uwe na fremu Kariakoo, au chumba cha ghorofani Luthuli Avenue jijini Nairobi, au usiwe na duka kabisa, ila akaunti ya mtandaoni na namba ya WhatsApp, na mzigo wako unashushwa kutoka Dubai. Nakuandikia kwa heshima, maana kazi yako ina faida kuliko wengi wanavyodhani. Tena nakuandikia bila kuzunguka, maana baadhi yenu mnaichafua.

Wateja wako unawajua. Yupo mpiga video wa arusi ambaye hathubutu kufuta kazi ya mwaka juzi kwa sababu bibi arusi anaweza kupiga simu leo. Yupo katibu wa kwaya mwenye rekodi za tangu enzi za kaseti. Yupo baba aliyekusanya picha za ukoo mzima kutoka simu za ndugu, pamoja na sauti ya marehemu mama yake akisimulia walivyohamia mjini. Hawa hawawezi kulipa dola kila mwezi, maisha yao yote, kwa kampuni ya ng'ambo inayowatunzia mafaili, wala hawana fedha ya kununua diski mpya ya terabaiti 16 na nyingine ya akiba. Diski iliyotumika ndiyo inayowawezesha kutunza mambo yao nyumbani kwao. Ungefunga biashara yako leo, ningesikitika kwa dhati.

Kwa hiyo usinihesabu miongoni mwa wanaosema cha mtumba ni takataka. Diski unazoziuza nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya vituo vya data, kufanya kazi usiku na mchana bila kuzimwa. Kampuni ya Seagate, kwa mfano, hukadiria kwamba diski yake ya Exos inaweza kubeba kazi ya kuandika na kusoma terabaiti 550 kwa mwaka. Familia ya kawaida haitafika huko hata ikijitahidi. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayotunza data za watu kwenye mamia ya maelfu ya diski, imekuwa ikichapisha takwimu za diski zake zinazokufa tangu mwaka 2013. Kwa mwaka 2024 kiwango chao kilikuwa asilimia 1.57, na humo zimo diski zenye umri mkubwa tu. Diski yenye miaka minne ya kazi bado inaweza kuwa na miaka ya kukutumikia. Bidhaa yako inajitetea yenyewe, ndugu yangu. Ndiyo maana uongo unaoambatana nayo unaniuma zaidi: hauhitajiki.

Nauita uongo, na nitakueleza kwa nini.

Ndani ya kila diski kuna kumbukumbu iitwayo SMART. Humo diski hujiandikia yenyewe habari zake: imewaka saa ngapi tangu izaliwe, imezimwa na kuwashwa mara ngapi, imewahi kufikia joto gani, sekta ngapi zimeharibika hadi ikalazimika kuhamishia data kwingine. Unalijua hilo. Na baadhi yenu mnajua pia kwamba kumbukumbu hiyo inafutika. Ukiwa na programu ya kufanyia hivyo, diski iliyokesha miaka mitano inasomeka kana kwamba imetoka kiwandani juzi. Ni mchezo uleule wa kurudisha nyuma kilomita za gari kabla halijapandishwa melini, na aliyewahi kuuziwa gari la namna hiyo anajua machungu yake yanavyokuja polepole.

Mwanzoni mwa mwaka 2025, waandishi wa heise, wachapishaji wa habari za teknolojia wa Ujerumani, walifichua kwamba diski za Seagate Exos zilizouzwa kuwa mpya, tena na maduka ya kuheshimika, zilikuwa zimekwisha tumika. SMART ilionyesha kuwa hazijafanya kazi. Lakini Seagate huweka ndani ya diski zake kumbukumbu ya pili, iitwayo FARM, ambayo waliofuta ile ya kwanza hawakuigusa. Ilipofunguliwa, diski nyingine zilikutwa na zaidi ya saa elfu kumi, nyingine zikikaribia elfu hamsini. Piga hesabu: mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hiyo saa 43,800 ni miaka mitano mfululizo bila kupumzika. Mnunuzi alilipa bei ya mpya.

Zilikotoka kunatupa fundisho la biashara. Wachunguzi walielekeza macho China, kwenye mashamba ya Chia, sarafu ya kidijitali iliyoasisiwa na Bram Cohen, yule aliyebuni BitTorrent. Chia haitafuti sarafu kwa nguvu za umeme kama Bitcoin. Inataka nafasi ya diski. Ilipoanza mwaka 2021, diski kubwa ziligombaniwa hadi bei zikapanda. Sarafu ilipoporomoka, mashamba yakafungwa na diski zikamwagwa sokoni. Hapo hapakuwa na dhambi yoyote. Dhambi iliingia pale mtu alipokaa mezani na kuanza kufuta saa, kubandika lebo na kufunga mifuko upya. Mwaka huohuo wa 2025 karakana ya namna hiyo ilivamiwa katika ghala karibu na Kuala Lumpur, Malaysia, na mamia ya diski yakakamatwa, za Seagate na za kampuni nyingine pia.

Utaniambia hiyo ni Ulaya na Asia. Basi nikueleze kuhusu diski iliyoletwa mezani kwangu na jirani, aliyeinunua kuwa mpya kwenye duka ambalo sitalitaja. Mfuko ulikuwa safi, umefungwa kwa joto, na kifurushi cha kunyonya unyevu kimo ndani. Lebo nyeupe, haina mkunjo. Lakini nilipoigeuza na kumulika tochi ya simu kwenye vile vidole vya dhahabu vya kuchomekea, kila kimoja kilikuwa na mstari mwembamba uliochunwa, alama inayoachwa na soketi diski inapoingizwa na kutolewa. Matundu ya skrubu ubavuni yalikwisha kupoteza rangi kwenye nyuzi zake. Niliichomeka, nikasoma SMART: saa chache tu, zisizotimia siku. Nikaandika amri ya pili, smartctl -l farm, ambayo programu ya bure ya smartmontools inayo tangu toleo la 7.4. Saa zikaruka hadi makumi ya maelfu. Jirani yangu hakusema neno. Alikuwa amekwisha hamishia humo picha za arusi yake, na za simu alikuwa amezifuta ili apate nafasi.

Sisemi wewe ndiwe uliyefuta. Inawezekana uliuziwa hivyo nawe ukauza hivyo. Lakini amri niliyoandika ni ya dakika moja, na wewe una kompyuta dukani. Mtu anayeagiza diski kwa boksi, kisha hajapata kuzisoma hata moja kabla ya kuzipanga kwenye rafu, hawezi kunishika mkono na kuniapia kwamba ni mpya.

Tuje kwenye hizo zinazouzwa waziwazi kuwa refabishi, kwa maana huko nako kuna jambo. Diski za ukubwa huu kwa kawaida zimejazwa heliamu na kufungwa zisipenyeze hewa. Hakuna fundi wa mtaani anayefungua mfuniko, akabadilisha kichwa cha kusomea, akafunga. Kinachofanyika ni kuipima, kufuta data, na pengine kuibandika lebo nyingine. Kama kazi hiyo imefanywa na kiwanda chenyewe, sawa. Seagate na Western Digital hurudisha sokoni diski walizozipima upya, na lebo husema hivyo. Kama imefanywa na mtu mwingine, nataka kujua ni nani na amepima nini. Na kama haijafanywa na yeyote, ila mfuko umebadilishwa, basi uza kama iliyotumika, kwa bei ya iliyotumika. Nitanunua.

Yapo na madogo yanayowatesa wateja wako bure. Unawauzia watu wa nyumbani diski za SAS, zilizotolewa kwenye seva, bila kuwaambia kwamba haziingii kwenye kompyuta ya kawaida. Kwenye SATA, aina inayoingia huko, kuna pengo kati ya sehemu ya data na sehemu ya umeme. Kwenye SAS pengo hilo limezibwa. Kulitambua ni kazi ya sekunde moja, lakini mteja amepanda basi kutoka Morogoro. Kisha zipo SATA za seva ambazo haziwaki kabisa kwenye baadhi ya pawasaplai, kwa sababu pini ya tatu ikipata volti 3.3 diski inaelewa kuwa imeamriwa izime. Dawa yake ni waya wa kugeuzia kutoka plagi ya zamani ya molex, au kipande cha tepu ya kuhimili joto juu ya pini hiyo. Ukimweleza mteja, umemaliza. Usipomweleza, anarudi kwa hasira akiamini umemuuzia diski iliyokufa, na safari hii wewe ndiye unayeonewa.

Kuhusu data za wenyewe, hapo sina upole mwingi. Rafiki yangu alinunua diski ya nje barabarani, akaifungua akakuta kipaimara cha mtoto asiyemjua, cheti cha kuzaliwa kilichoskaniwa na barua za mkopo. Yale yalikuwa maisha ya mtu. Mwaka 2022 Morgan Stanley, benki kubwa ya Marekani, ilikubali kulipa dola milioni 35 kwa mamlaka ya masoko ya mitaji ya huko, kwa sababu vifaa vyake vya zamani viliachwa mikononi mwa watu wasio na ujuzi wa kufuta, na vingine vikauzwa mnadani mtandaoni vikiwa bado na taarifa za wateja. Tanzania nasi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya wana ya kwao ya 2019. Lakini kabla hata ya sheria, kuna aibu. Kabla hujaiweka diski rafuni, iandike sifuri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Iache usiku ifanye kazi hiyo, wewe ukiwa umelala. Kitendo hichohicho kitakufichulia sekta mbovu.

Na sasa waranti yako ya siku saba. Ndugu yangu, hebu tufanye hesabu pamoja. Diski ya terabaiti 20, ikienda kwa kasi ya megabaiti 200 kwa sekunde, inachukua takriban saa 28 kuandikwa yote mara moja. Kipimo cha badblocks, ambacho watu makini hukitumia kabla ya kuiamini diski, huandika na kusoma mara nne nne; jumla ni mizunguko minane. Hizo ni siku tisa na ushee, umeme usipokatika. Yaani waranti yako inakwisha kabla mteja mwangalifu hajamaliza kupima. Anayenufaika na siku saba ni muuzaji peke yake, na sidhani kama hesabu hii ni ngeni kwako. Toa siku 90 kwa maandishi, siriali namba ikiwa kwenye risiti. Zitakazokufa mapema utazirudishia fedha, nazo, kama ulizipima, hazitakuwa nyingi.

Katiba ya Kenya, ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Taarifa ninazozitaka mimi zinaenea kwenye karatasi ya ukubwa wa kadi ya simu: saa ilizowaka, sekta zilizohamishwa, sekta zinazosubiri kuhamishwa, tarehe uliyopima, na jina lako. Ibandike juu ya mfuko. Diski yenye saa elfu thelathini na sekta mbovu sifuri nitaichagua mbele ya ile inayodai ni mpya na kuficha uso. Najua wengi wanaofikiri kama mimi, na tunaulizana sana kuhusu nani wa kununua kwake.

Jambo moja zaidi ungetusaidia kwa maneno yako mwenyewe, maana mteja anakusikiliza wewe kuliko sisi. Mwambie asihamishie maisha yake kwenye diski moja na kufuta kwingine. Mwambie kwamba hata akiziunganisha mbili ziigane, akifuta faili kwa bahati mbaya linafutika kwenye zote mbili, na radi ikipiga zinaungua zote. Kwa hiyo nakala moja ikae kwa dada yake Dodoma. Huo ni ushauri wa kweli, na ukiutoa utauza diski mbili badala ya moja. Nakuombea uuze mbili.

Mwisho wa mwezi natafuta diski mbili za terabaiti 16, za SATA, zilizotumika. Nitakuja na laptopu, waya wa USB na subira. Ukinipa kiti na soketi ya umeme nizisome mbele yako, nitalipa taslimu bila kuomba upunguze, na jirani yangu nitamleta.

Wako katika kununua na kuuza kwa haki,
Mteja