Shangazi Masika Anajibu: Grenada Wakati wa Mvua

Tangu niandike hapa kwamba Grenada hushuka bei kuanzia Juni, barua haziishi. Wengi wenu mko ughaibuni: mnaona tangazo la nusu bei, mnalipa, mnawatangazia ndugu kwenye kundi la familia, kisha ndipo mnaniuliza kama kuna tatizo. Utaratibu huo uko miguu juu kichwa chini, ila ndio unaoniweka mjini. Tuanze.

Shangazi, shikamoo. Nafunga ndoa Septemba. Hoteli moja ya Grand Anse imenipa chumba kinachotazama bahari kwa nusu ya bei ya Januari. Mchumba wangu anasema bei ikishuka hivyo kuna jambo. Mimi nasema ni riziki. Nani mkweli?
Bwana Harusi wa Septemba, Reading, Uingereza

Marahaba, mwanangu. Mkweli ni mchumba wako. Muoe upesi kabla hajaanza kukuchunguza na wewe.

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kumalizika 30 Novemba, na kilele chake ni karibu na tarehe 10 Septemba. Ungetafuta wiki mbaya kuliko hiyo kwa kurunzi usingeipata. Vimbunga vikubwa vingi, ukitaka kujua ukoo wao, ni ndugu zetu: hewa huanza kuyumba juu ya Sudan na nyanda za juu za Ethiopia, huvuka Sahel yote, hutokea baharini jirani na Cape Verde, na ikikuta maji ya moto huko mbele hunenepa njiani. Misukosuko mingi ya namna hiyo hufika Karibea ikiwa mvua tu. Michache hufika ikiwa na jina.

Sikutishi. Grenada iko kusini, na vimbunga vingi hupita kaskazini yake. Baada ya Janet wa Septemba 1955 kisiwa kilikaa karibu miaka 49 bila kupigwa sawasawa. Watu walizaliwa, wakaoa, wakapata wajukuu wakiamini kimbunga ni shida ya majirani. Tarehe 7 Septemba 2004 akaja Ivan, na nyumba tisa katika kila kumi zikaharibika. Julai 2005, mabati mapya yakiwa bado yanang'aa, akaja Emily. Halafu Beryl wa 2024: alipewa jina Ijumaa, na Jumatatu, tarehe 1 Julai, jicho lake likapita juu ya Carriacou, kisiwa kidogo cha nchi hiyo hiyo. Usiku wake akafika daraja la tano, mapema katika mwaka kuliko kimbunga kingine chochote cha Atlantiki kilichowahi kurekodiwa.

Basi ile nusu uliyopunguziwa si zawadi wala si hila. Ni ujira wako wa kubeba hatari pamoja na mwenye hoteli. Ukishaukubali ujira, kazi ifanye. Nunua bima ya safari sasa hivi, maana dhoruba ikishapewa jina, bima ya kununuliwa baada ya hapo haitakulipa kwa ajili yake. Waulize hoteli, tena kwa maandishi: kimbunga kikitangazwa mnarudisha hela au mnasogeza tarehe? Uliza pia kama watakuwa wamefungua kila kitu, kwani hoteli kadhaa huitumia Septemba kupaka rangi na kuwapa wafanyakazi likizo. Nisingependa uamshwe asubuhi ya fungate na sauti ya msasa.

Kama tarehe bado inasogezeka, chukueni wiki ya kwanza ya Juni au mwanzo wa Desemba. Mvua mtaipata, lakini bei bado haijapanda na bahari haijakasirika.

Shangazi Masika, binti yangu anasomea udaktari St. George's University. Nataka kumtembelea Oktoba. Nimeambiwa huko kunanyesha usiku na mchana. Nibebe mabuti? Na chakula je? Mimi vyakula vya kigeni siviwezi.
Mama Daktari, Tabata

Hongera, mdogo wangu, na Mungu akupe nguvu za kumalizia ada. Mabuti yaache, yatakula kilo zako za mzigo bure. Beba ndala, viatu vinavyokauka haraka, koti jepesi la mvua, na dawa ya mbu ya kutosha, kwa sababu mbu wa dengi huuma mchana na huzaliana kwenye kila kifuu kilichotuama maji.

Mvua yenyewe mara nyingi huja kwa kishindo, ikanyesha kidogo, ikaondoka, na jua likawaka kana kwamba hakuna aliyelowa. Ziko siku za kunyesha kutwa kucha, hilo silifichi. Lakini kisiwa hakinyeshewi sawasawa. Uwanja wa ndege, chuo cha bintiyo kule True Blue na ufukwe wa Grand Anse vyote viko kwenye ncha ya kusini-magharibi, sehemu kavu kuliko nyingi. Milimani, kwenye ziwa la Grand Etang, mvua ni zaidi ya mara mbili. Unaweza kuanika kanga True Blue ikakauka huku milima yote imepotelea winguni na hujui kama ipo.

Kuhusu chakula, ondoa wasiwasi kabisa. Chakula chao cha taifa kinaitwa oil down, na ukiangalia kinavyopikwa utadhani uko Makunduchi. Shelisheli humenywa na kukatwa vipande, hupangwa kwenye sufuria kubwa pamoja na nyama ya chumvi na ndizi mbichi, juu yake maandazi ya unga yasiyokaangwa, na juu kabisa majani ya magimbi kama kifuniko. Kisha humiminwa tui la nazi lililotiwa manjano mpaka likawa rangi ya kiini cha yai. Wakipika uani, sufuria hukaa juu ya mafiga matatu. Haikorogwi. Huachwa tui likauke lote, na kinachobaki chini ni mafuta ya nazi yanayochuruzika. Hapo ndipo husemwa kimeiva. Siku ya mvua chakula hicho hakina mpinzani. Hilo shelisheli lina historia yake chungu, lililetwa Karibea kutoka Tahiti mwishoni mwa karne ya 18 ili watumwa walishwe kwa gharama ndogo, lakini wajukuu zao wamelifanya la kwao na hawaombi radhi.

Kwenda mjini utapanda basi namba 1 kutoka Grand Anse. Ni vipanya kama vyetu: konda yupo, muziki uko juu, na ukitaka kushuka unagonga bodi kwa kiganja. Mtu wa Tabata hahitaji mafunzo. Jambo moja la kukazia: kama tiketi inapitia Marekani, utahitaji viza ya huko hata kama hutoki nje ya uwanja. Wengi hulijua hilo wakiwa kaunta, na mabegi yameshapimwa. Cheti cha homa ya manjano kiweke pamoja na pasi.

Shangazi, tunakwenda kuona kanivali ya Grenada ya Agosti. Nimeshona gauni jeupe la kuvaa alfajiri ya Jumatatu. Unaonaje?
Nguo Nyeupe, Toronto

Gauni ni zuri. Livae harusini.

Alfajiri hiyo ni ya Jab Jab. Watu hujipaka mafuta meusi mwili mzima, huvaa kofia zenye pembe, huburuta minyororo barabarani na kumdhihaki bwana wa watumwa aliyedhani minyororo ile ingekuwa yao daima. Si mchezo wa kutazama ukiwa kando na simu mkononi. Wakikuona msafi watakukumbatia kwa upendo, na upendo huo hautoki kwa sabuni. Vaa nguo ambayo uko tayari kuitupa. Halafu usitarajie bei ya chini wiki hiyo. Wagrenada wa Brooklyn, London na huko huko kwenu Toronto hurudi nyumbani wote kwa pamoja, na kwa hoteli ya karibu na mji, wiki ya kanivali si msimu wa mvua hata ikinyesha.

Bibi, hawa Wagrenada wanajiita Kisiwa cha Viungo. Jina hilo ni letu. Kwa nini serikali imekaa kimya?
Mpemba Mwenye Uchungu, Muscat

Tulia, baba, unywe kahawa. Wenzako wana kungumanga hadi kwenye bendera ya taifa. Wewe karafuu yako umeiweka wapi? Kabla ya Ivan walikuwa wa pili duniani kwa kuuza kungumanga, nyuma ya Indonesia tu. Kimbunga kile kiliilaza mikungumanga yao karibu yote, na mti huo ukiupanda leo unasubiri miaka kama saba kabla hujachuma cha maana. Wakulima wengi waliona hawana umri wa kungoja, wakahamia kakao.

Na hapa ndipo nyinyi na wao mnapokuwa ndugu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na baada ya hapo ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu la Zanzibar. Yaani hata sifa unayoigombania leo ukiwa Muscat mliletewa na upepo. Ukienda Grenada, fika Gouyave, kwenye ghala la kungumanga, uone wanawake wanavyochambua kokwa kwa mkono na basibasi nyekundu ikikaushwa kwenye matreya. Usianzishe ubishi wa jina. Nunua robo kilo, wape salamu za Wete, uondoke na heshima yako.

Shangazi, tumeshafika. Mvua siku ya pili. Mume wangu amejifunika shuka anaangalia mpira kwenye simu, anasema hela imepotea. Nimfanyeje?
Mke wa Mtalii, St. George's

Mtoe humo ndani. Mwambie maporomoko hayasubiri kiangazi. Annandale na Concord hupendeza zaidi mvua ikiwa imenyesha. Ila sikiliza vizuri: mkiwa majini na mkaona maji yamebadilika rangi ghafla, au yanaanza kubeba majani na vijiti, tokeni hapo hapo. Maana yake kumenyesha juu, na mto uko njiani. Njia ya Seven Sisters itakuwa tope tupu. Chukueni kiongozi na fimbo, na msivae viatu vyeupe.

Kama hataki kulowa, kuna kiwanda cha River Antoine, cha mwaka 1785, ambako gurudumu linalozungushwa na maji ya mto bado linakamua miwa. Hata asiyekunywa atafurahia mashine. Anayekunywa ajue kwamba ramu yao kali hairuhusiwi kupanda ndege, kwa hiyo wanatengeneza nyingine ya abiria, iliyopunguzwa makali kidogo. Kidogo sana.

Ijumaa jioni mpeleke Gouyave akale samaki barabarani. Mpira ataukuta huko huko.

Je, ni adabu kwenda kustarehe Carriacou baada ya Beryl?
Mwenye Haya, Nairobi

Haya yako haimwezekei mtu bati. Waziri Mkuu Dickon Mitchell alisema wakati ule kwamba kisiwa kilisawazishwa kwa nusu saa. Hata mikataba ya madeni ya Grenada ilikuwa na kifungu cha kimbunga, na baada ya Beryl serikali ilikitumia kuahirisha malipo. Mwenye nyumba ya wageni hana kifungu kama hicho. Piga simu kwanza uulize kilichofunguliwa, panda boti, lala kwa mwenyeji, lipa taslimu, na usipige picha za mapaa ya watu.

Shangazi, maneno yamekuwa mengi. Nitajie tu mwezi ambao nitakwenda Grenada nisiwaze kimbunga na nisinyeshewe sana.
Asiyependa Makuu, Minneapolis

Machi. Kwa bei kamili.