Namna ya Kusoma Shakespeare Bila Kumwelewa

Mwanafunzi wa Dar es Salaam anayesoma fasihi ya kale ya Kiingereza asiogope kufeli. Kufeli kuna dawa: unarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, maisha yanasonga. Aogope kuelewa. Akishaelewa anaanza kucheka darasani, anauliza maswali, anamchelewesha mwalimu kumaliza silabasi. Mwongozo huu umeandaliwa ili kumkinga.

Walengwa ni makundi mawili. La kwanza ni watoto wa shule za mtaala wa Cambridge, upande wa Mikocheni na Mbezi Beach, ambao wazazi wao wanajinyima ili mtoto akutane na Macbeth. La pili ni wewe wa HKL, kidato cha tano, huko Mbagala, Tandika au Bunju. Vitabu vyako vingi vya mtihani ni vya Waafrika, lakini umepangiwa mwalimu anayeamini kwamba fasihi isiyo na Shakespeare ni nusu fasihi. Wenzako wa kundi la kwanza kila mmoja ana kitabu chake. Ninyi mna nakala moja, ya mwalimu, nayo haina jalada.

Anza na desa. Ingia steshenari yoyote karibu na kituo cha Rangi Tatu, taja jina la mchezo, utapewa karatasi zilizobanwa pini. Kitabu usinunue. Kitabu kina watu ndani, na watu wana vituko vyao. Desa lina dhamira, wahusika, mandhari na falsafa ya mwandishi, limetolewa kopi juu ya kopi mpaka m na n hazitofautiani. Akitokea wa kukucheka, mwambie desa lina ukoo mkubwa. Mwaka 1603 kulichapishwa London Hamlet fupi, iliyovurugika, ambayo baadhi ya wataalamu wanaamini iliandikwa kwa kumbukumbu ya mwigizaji aliyewahi kucheza humo. Toleo refu lilifuata mwaka mmoja hivi baadaye. Yaani Hamlet alipata desa kabla ya kupata kitabu.

Darasani, ukiambiwa usome kwa sauti, soma kama mtu anayesoma orodha ya walioitwa kwenye usaili. Usipandishe sauti, usishushe. Ole wako ukimkumbuka Lufufu, yule aliyekuwa akisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili mpaka ukasahau kwamba mwigizaji ni Mchina. Ukimsoma Macbeth kwa sauti ya banda umiza, darasa litaamka, na darasa likiamka halitawaliki tena.

Kuhusu mashairi, kariri tu kwamba mistari mingi ya Shakespeare ina mizani kumi na kwamba mara nyingi haina vina. Usihoji. Kipindi kinachofuata ni cha Kiswahili, na huko utahesabu mizani nane za Utenzi wa Tambuka, ambao mswada wake una tarehe ya mwaka 1728 na unahusu vita na Herakleios, mfalme wa Rumi. Vipindi hivi viwili visikutane kichwani. Ndiyo maana katikati yake kuna kengele.

Sasa tuingie The Merchant of Venice, maana hapo wengi huteleza wakaelewa. Antonio ni mfanyabiashara mwenye mizigo baharini na mfuko mtupu. Rafiki yake Bassanio anataka kwenda kuposa kwa Portia, binti tajiri, na huwezi kwenda kuposa kwa tajiri ukiwa umevaa ndala. Inatakiwa fedha: dukati 3,000. Shylock, mkopeshaji wa Kiyahudi, anakubali kukopesha kwa miezi mitatu, riba hataki, ila tarehe ikipita anakata ratili moja ya nyama, chini kidogo ya nusu kilo, kutoka mwilini mwa Antonio. Antonio anasaini. Anacheka, kwa kuwa meli ziko njiani.

Ukifika hapo funga daftari, tazama ukutani. Usiwaze mikopo ya kausha damu. Usimwaze yule jirani aliyekopa kwa ajili ya shughuli ya mwanawe, sare za wapambe zikashonwa, mziki ukapigwa mpaka alfajiri, na wiki iliyofuata rejesho la kwanza likafika kabla maturubai hayajafunguliwa. Usiwawaze wanakikundi wenzake waliomdhamini. Siku aliyokosa, afisa mikopo hakuhangaika hata kuinuka. Walikuja wao wenyewe, wale wale waliocheza naye, na kirikuu nje ya geti. Wakatoa sabufa. Wakatoa friji na samaki wakiwa ndani. Godoro lilibaki kwa kuwa halikuenea. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa analia huku ameshika upande mmoja wa kabati. Mambo haya hayamo kwenye desa. Desa linasema Shylock ni katili, mchoyo na mlipiza kisasi, alama tatu.

Desa halisemi pia kwamba Antonio huyu mwema alikuwa akimtemea Shylock mate hadharani kwa sababu ya dini yake, wala kwamba mwishoni Shylock analazimishwa kubadili dini na watu wanaona ni haki. Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290, kwa hiyo wengi wa watazamaji wa kwanza walikuwa wanamchukia jirani wasiyewahi kukaa naye. Hilo ni gumu na linahitaji kipindi kizima. Kipindi hicho hakipo kwenye ratiba.

Kila darasa lina mmoja wa kiti cha nyuma atakayenyoosha mkono.

“Madam, samahani. Meli zikizama si wangemwongezea muda?”

“Muda upi? Ameshasaini.”

“Hata kausha damu unalipa faini kwanza, Madam. Na kwa nini asingekopa Bassanio mwenyewe? Anayeoa ni yeye.”

“Kwa sababu hakopesheki,” anadakia mwingine kutoka dirishani, na darasa zima linaangua kicheko.

Mwalimu mzoefu hufuta ubao polepole, kisha husema: “Andikeni. Dhamira ya nne.” Mwanafunzi wa namna hiyo ahamishiwe mbele, karibu na ubao, ambako vumbi la chaki humnyamazisha mtu.

Ramani ya London nayo usiifungue. Utakuta ukumbi wa Globe, uliojengwa mwaka 1599, hauko jijini. Uko ng’ambo ya mto Thames, Southwark, kwenye mabaa, madanguro, magereza na uwanja wa kupambanisha dubu na mbwa. Watu walivushwa kwa mashua. Aliyekuwa na peni moja alisimama uwanjani mvua ikimnyeshea, mwenye zaidi alikaa chini ya paa. Hata kabla ya Globe, wakuu wa jiji hawakuutaka upuuzi huo. Mwaka 1597 waliiandikia serikali wakiomba majumba ya maigizo yafungwe, eti yanakusanya wahuni, yanawatorosha vijana kazini na kueneza maradhi. Badilisha tarehe, utapata tangazo la kupiga marufuku vigodoro. Tarehe 29 Juni 1613 mzinga uliofyatuliwa katikati ya mchezo uliwasha nyasi za paa, ukumbi ukateketea. Inasimuliwa kwamba hasara ya mwilini ilikuwa suruali ya bwana mmoja, iliyowaka ikazimwa kwa chupa ya bia. Mtu wa Temeke aliyezoea kuvuka kwa pantoni kwenda Kigamboni akiyasikia haya anaweza kujiona mwenyeji wa habari. Akatazwe mapema. Shakespeare ni mtu wa Masaki, na ibaki hivyo.

Kwa Chaucer, mshairi aliyemtangulia Shakespeare, pita haraka. Alikuwa ofisa wa forodha katika bandari ya London kuanzia mwaka 1374, akikagua sufu na ngozi, kwa hiyo alijua kusikiliza uongo bila kukunja uso. Mahujaji wa hadithi zake nao wanaanzia safari Southwark, kwenye nyumba ya wageni ya Tabard. Kuna mmoja anauza mifupa ya nguruwe akisema ni ya watakatifu, na anakiri mwenyewe kwamba ni usanii; ukikumbuka chupa za mafuta na maji unazouziwa Jumapili, hayo ni yako. Kuna mama wa Bath aliyeolewa mara tano na anayefundisha ndoa kwa ufasaha ambao kungwi wa Mbagala angeulipia nauli aje kuusikiliza. Kwenye mtihani andika: “mwanamke jasiri.”

Tafsiri zifichwe. Mwalimu Nyerere, akiwa kiongozi wa nchi changa yenye mambo chungu nzima ya kufanya, alipata muda wa kumtafsiri Julius Caesar, kitabu kikatoka mwaka 1963 na kikarekebishwa mwaka 1969. Mwaka huo huo akatoa na Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi akatoa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Vitabu hivi ni hatari kwa sababu mtu anaweza kuvisoma kitandani, umeme ukiwepo, akafika mwisho kabla hajagundua kwamba alikuwa anajisomea.

Na nyumbani usisimulie kitu. Utakuwa umekaa uani na desa lako, mama anachambua mchicha na wenzake wa kikundi wamekuja kuhesabu michango, mmoja atauliza, “Mwanangu, mnasoma nini huko?” Jibu, “Fasihi, mama,” kisha nyamaza. Ukisema tu kwamba kuna mtu alikopa kwa ajili ya harusi ya rafiki yake, hesabu ya michango itasimama. Katibu atataka kujua mdhamini ni nani. Mweka hazina atataka kujua meli zilikatiwa bima au hapana. Utajikuta umefika mahakamani, pale Portia anaposema nyama ikatwe, ratili moja kamili, ila damu isidondoke hata tone kwa kuwa haimo kwenye mkataba. Uani kutalipuka vigelegele. Watakuomba namba ya huyo wakili. Itabidi uwaeleze kwamba si wakili kabisa, ni mke wa Bassanio aliyevaa joho la kiume, na kwamba kesho una mtihani saa mbili asubuhi na hujamaliza kukariri.