Mwongozo wa Kusoma Nyuso za Watu Usiowajua

Picha ya tukio haimsaidii sana mchambuzi. Nyumba inaungua, kila mtu anaiona inaungua, wewe utaongeza nini? Mali iko kwenye picha za watu wanaotazama: macho yamewatoka, midomo wazi, mikono kichwani, na hicho wanachokitazama hakimo pichani. Mwaka 1937 mpiga picha Henri Cartier-Bresson alikwenda London kwenye sherehe za kutawazwa kwa Mfalme George VI, akampa mfalme mgongo na kuupiga picha umati uliokuja kumwona. Mfalme akabaki nje ya fremu. Kazi ya kueleza umati ule ulikuwa na nini moyoni umeachiwa wewe, na ujira wake ni kuonekana msomi. Kanuni ni hizi.

1. Funika maelezo ya picha

Yale maandishi madogo yanayosema nani, wapi, lini na kwa nini ni adui wa uchambuzi. Chukua picha maarufu ya Alfred Eisenstaedt ya mwaka 1963. Watoto wamebanana, wengine wanapiga ukelele, wengine wamepigwa na butwaa. Ukiwa hujasoma kitu, unaweza kujaza kurasa tatu kuhusu kizazi kilicholelewa chini ya hofu ya mabomu ya nyuklia. Ukisoma, utaambiwa kwamba ni Paris, katika bustani ya Tuileries, kwenye onyesho la vikaragosi, na joka ndiyo kwanza limeuawa. Kurasa zako tatu zimekwenda na joka.

2. Mbebeshe mtu mmoja historia nzima

Mei 1, 2011, Pete Souza, mpiga picha wa Ikulu ya Marekani, alikuwa amebanwa kwenye chumba kidogo pamoja na wakubwa waliokuwa wakifuatilia operesheni dhidi ya Osama bin Laden, mtu ambaye Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa na kesi naye tangu milipuko ya mabomu ya Agosti 7, 1998. Skrini wanayoitazama haionekani. Wanaume wamekaza nyuso. Hillary Clinton, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, amefunika mdomo kwa kiganja.

Umeshamwona? Basi wengine waache. Kiganja hicho ndicho makala yako. Andika kwamba ni dhamiri ya taifa, au uchungu wa uzazi ndani ya chumba cha vita. Siku chache baadaye Clinton mwenyewe alisema huenda alikuwa anazuia kikohozi cha mzio tu. Lisikutishe hilo. Nani atasoma makala kuhusu kikohozi?

Souza alipiga fremu zipatazo 100 mle ndani. Kamera hunasa sehemu ndogo sana ya sekunde, na uso wa mtu hauwahi kukamilisha jambo kwa muda huo: anayekaribia kupiga chafya na anayekaribia kulia hufanana kwanza, wakaja kuachana baadaye. Kwa hiyo usiulize fremu iliyotangulia ilikuwaje wala iliyofuata ilionyesha nini. Ukiuliza utapata ukweli, na tarehe ya kukabidhi makala itakupita.

3. Kiti hakikai bure

Katika picha hiyo hiyo Rais Obama amejikunyata pembeni, huku brigedia jenerali akiwa kwenye kiti cha mbele ya meza na kompyuta yake. Hapa tumia maneno kama "pembe tatu ya mamlaka" na "kiongozi anayejishusha ili aonekane". Kwamba chumba kilikuwa kidogo, kwamba jenerali alikuwa katikati ya kazi, na kwamba rais alimwambia abaki alipo, hayo waachie mafundi samani.

4. Aliyetulia ndiye mwenye hatia

Kanuni hii ndiyo yenye mavuno kuliko zote, kwa hiyo isome polepole.

Septemba 11, 2001, Thomas Hoepker wa shirika la wapiga picha la Magnum alikuwa Brooklyn. Aliwakuta vijana watano wamekaa kando ya maji, juani, kama watu walio mapumzikoni. Nyuma yao, ng'ambo ya mto, moshi ulikuwa unapanda kutoka mahali palipokuwa na majengo pacha ya Manhattan. Akapiga, akaenda zake. Baadaye picha ile ilimtatiza mwenyewe, akaiweka kando, na haikuingia kwenye kitabu ambacho Magnum ilikitoa kuhusu siku hiyo. Umma uliiona mwaka 2006, katika kitabu cha David Friend. Mwandishi wa safu wa The New York Times akawatazama wale vijana akaona ndani yao nchi nzima iliyokuwa na haraka ya kusahau.

Kosa lao lilikuwa nini? Hawakulia. Walikuwa wamekaa badala ya kukimbia. Hata jua lilishirikiana nao, likawaka vizuri kupita kiasi. Katika mahakama ya picha, anayelia ni binadamu, anayenyamaza ni mshukiwa, na anayemgeukia mwenzake kuzungumza ameshafungwa.

Ukiwa katika hatua hii, tafadhali usikumbuke matanga ya kwenu. Usikumbuke wanaume waliokaa chini ya mwembe wakibishana habari za mpira, wala wanawake jikoni wanaocheka mpaka wanashikana mabega kwa vituko vya marehemu. Na kwa vyovyote usiwakumbuke watani, ambao wajibu wao ni kuingia msibani wakiwa wamevaa nguo za marehemu, kumwiga alivyotembea, na kuwadai ndugu zake pesa palepale penye kilio. Fremu moja ya watani hao ikimfikia mchambuzi hodari aliyeko mbali, ukoo mzima utaonekana hauna moyo. Kumbukumbu za namna hiyo huleta huruma, na huruma hupunguza ukali wa kalamu.

Mmoja wa wale watano alijitokeza baada ya makala ya gazeti. Alieleza kwamba walikuwa wamepigwa na bumbuwazi, na walichokuwa wakikizungumza ni janga lile lile lililokuwa mbele ya macho yao. Mpiga picha hakuwaomba ruhusa wala hakusema nao. Angejongea kidogo tu, angejua. Zingatia hapo: kujongea kidogo tu. Kanuni hii imetungwa makusudi ili mtu asijongee.

5. Picha ikikubaliana nawe, usiikague

Mwaka 1943 mpiga picha Weegee aliwapiga picha mabibi wawili matajiri wakiingia Metropolitan Opera, New York, manyoya mabegani na vito kichwani, huku mwanamke aliyechakaa akiwakodolea macho kwa chuki. Picha inaitwa The Critic, na kwa mtu mwenye uchungu na mabwanyenye haihitaji ushahidi mwingine. Baadaye msaidizi wa Weegee alisimulia kwamba yule mwanamke alitolewa makusudi kwenye baa, akiwa amekwisha kunyweshwa, akasogezwa mahali alipotakiwa. Habari kama hiyo ukutane nayo baada ya kuchapisha. Mashaka yako yatunze kwa ajili ya picha za upande wa pili: hizo zichunguze kivuli kwa kivuli.

6. Kata bila mkasi

Gazeti la kidini la Brooklyn, Der Tzitung, ambalo halichapishi picha za wanawake, lilimfuta Clinton na mwanamke mwingine kwenye ile picha ya Ikulu, kisha likalazimika kuomba radhi. Hiyo ni kazi ya watu wasio na subira. Wewe huna haja ya kumfuta mtu: usimtaje. Picha ina watu kumi na zaidi, wengine wamechoka, wengine wanachungulia tu kwa nyuma. Wote hao wakiingia kwenye makala, hoja yako itakonda. Msemee mmoja na uwanyamazie waliobaki, nao watatoweka bila gazeti kuomba radhi kwa mtu.

7. Mwenye uso akijitokeza

Wakati mwingine mtu wa pichani anakuja na kusema, "Sikuwa na huzuni, nilikuwa na njaa." Mjibu kwa upole kwamba yuko karibu mno na uso wake kiasi cha kutouelewa. Mkumbushe kwamba picha ikishachapishwa si yake tena. Akiendelea kubisha, mwambie kubisha kwake kunathibitisha ulichoandika.

Msamaha mmoja

Siku utakapojikuta kwenye picha ya mtu mwingine, umekunja uso katika harusi ya shemeji yako huku wenzako wakipiga vigelegele, na picha imeshazunguka kundi la WhatsApp la ukoo mzima, kanuni hizi hazikuhusu. Wewe una haki ya kutaka maelezo yawekwe chini ya picha, fremu ya kabla na ya baada zitafutwe, na aliyepiga aulizwe kwa nini hakukusogelea kuuliza. Eleza habari za jino lililokuwa likikuuma tangu alfajiri. Eleza kwa aya ndefu, utaje na jina la dawa. Shangazi yako atajibu kwa sentensi moja kwamba picha haidanganyi, na utamkuta ana wafuasi wengi kuliko wewe.