Sifa za Choo cha Kulipia

Wasafiri wanaorudi kutoka Ulaya husifu makanisa, madaraja na majumba ya makumbusho, lakini choo cha kulipia cha kituo cha treni hawakitaji ila kwa kukilaani. Huko ni kukidhulumu. Katika yote anayouziwa mgeni, hakuna kilicho mkweli kuliko choo hiki. Hoteli huchomeka tozo zake mwisho wa bili, benki hujifichia faida katika kubadilisha fedha, na mkahawa humwacha mteja akibahatisha bakshishi. Choo hutangaza bei mlangoni kwa tarakimu kubwa, wala hakijidai kumkaribisha mtu. Tena hakijui cheo: waziri aliyebanwa na mchukuzi aliyebanwa husimama mbele ya geti lilelile wakipekua mifuko, na mwenye noti nene asiye na sarafu ndiye fukara wao.

Nasaba yake nayo ni ya kifalme. Vespasian, aliyetawala Roma kuanzia mwaka 69 hadi 79, alitoza kodi mkojo wa vyoo vya umma, uliotumiwa na watengeneza ngozi na madobi, maana mkojo uliolala hutoa amonia inayong'oa mafuta kwenye nguo. Inasimuliwa kuwa mwanawe Titus alipoona aibu, mzee alimsogezea sarafu puani akamuuliza kama inanuka. Wafaransa walikuja kuviita vyoo vya barabarani kwa jina la mfalme huyo. Mwaka 1851, katika Maonyesho Makuu ya London, vyoo vya kuvuta maji vya fundi George Jennings viliwavutia watu zaidi ya 800,000, kila mmoja akitoa peni yake kwa hiari, ikiwa aliyebanwa ana hiari. Ujerumani ya leo imeikamilisha hekima hiyo: katika vyoo vya Sanifair kando ya barabara kuu, msafiri hulipa euro 1 na kupewa vocha ya kutumia dukani hapohapo. Vocha hupunguza bei ya kahawa, na kahawa, baada ya kilomita chache, humrudisha mteja chooni. Wachumi wanaotafuta biashara endelevu waanzie hapo.

Wapinzani husema haja ni haki, si bidhaa, na kwamba ada humwonea mwanamke, kwa kuwa mwanamume amezoea kukojoa bure ukutani. Hoja hii ya pili ni nzito. Mwaka 1969 mbunge wa California, March Fong Eu, alivunja sinki la choo kwa nyundo mbele ya bunge la jimbo kwa sababu hiyo. Mimi ningesema dawa ni kuwatoza na wanaume, lakini Wamarekani walichagua kufuta ada: Chicago ilipiga marufuku mwaka 1973, miji na majimbo yakafuata. Haki ikashinda, na vyoo vingi vikafungwa, kwa sababu hakuna aliyejitolea kulipia sabuni na mfagiaji. Leo mgeni jijini New York hununua kahawa asiyoitaka ili aruhusiwe kuingia msalani, kwa bei inayozidi sarafu ya zamani mara nyingi. Atakayenitajia Paris, iliyofuta ada mwaka 2006, au vituo vikubwa vya reli vya Uingereza, vilivyofuata mwaka 2019, anasema kweli. Lakini ada haikufa, imehamia kwenye mfuko wa umma, na mtalii sasa anajisaidia kwa hisani ya mlipa kodi asiyemjua.

Pingamizi linalonishinda ni la mtu wa Zanzibar au Mombasa: amelipa, geti limefunguka, ndani anakuta karatasi tupu, hakuna maji ya kutawaza. Hapo msifiaji huishiwa ufasaha. Siwezi kudai kwamba bei hiyo ni ya haki. Naweza kusema tu kwamba geti halijawahi kutoza chupa ya maji iliyomo mkobani. Hukumu yangu ni kwamba choo cha kulipia kilicho wazi ni bora kuliko cha bure kilichofungwa. Basi ewe msafiri, kabla hujauliza njia ya kwenda mnara wowote, weka sarafu mfukoni, jaza chupa yako, na umsalimie kwa heshima anayepiga deki hapo.